Mashindano ya Kriketi ya Ndani ya Nchi

Mashindano ya kriketi ya ndani ni yale ambayo timu za nchi moja hushindana zenyewe kwa zenyewe, mbali na mechi za timu za taifa. Yapo ya aina tatu kwa urefu wa mchezo. Mechi za daraja la kwanza huchukua siku tatu au zaidi, siku hizi kwa kawaida nne, na kila upande hupata zamu mbili za kupiga. Mechi za siku moja huchezwa kwa ova 50 kila upande, ova moja ikiwa ni mipira sita halali ya mrushaji mmoja. Zile za ova 20 humalizika kwa muda wa saa tatu hivi. Nchi zenye kriketi ya kulipwa huendesha aina zote tatu ndani ya msimu mmoja. Zinapoachana ni kwenye swali la nani mwenye timu: kaunti, jimbo, kisiwa, mwajiri, klabu au kampuni. Anayemiliki timu ndiye anayelipa mishahara, na mara nyingi uhai wa mashindano humtegemea yeye.

Uingereza ndiko mfumo huu ulikoanza. Ubingwa wa Kaunti ulipangwa rasmi mwaka 1890, na leo una timu 18, mojawapo, Glamorgan, ikitoka Wales. Durham, iliyoingia mwaka 1992, ndiyo ya mwisho kupokelewa. Kwa zaidi ya karne moja kaunti zote zilikaa katika msimamo mmoja wa ligi. Kupanda na kushuka daraja kulianza mwaka 2000. Sasa daraja la juu lina timu 10 na la chini 8, na kila timu hucheza mechi 14 za siku nne. Kwa timu za daraja la chini hesabu hiyo inatosha kukutana na kila mpinzani nyumbani na ugenini. Kwa zile 10 za juu haitoshi, kwa hiyo baadhi hukutana mara moja tu, na bingwa anaweza kuwa amepata ratiba nyepesi kuliko mwenzake. Kasoro hiyo inajulikana na imevumiliwa. Pointi hazitolewi kwa ushindi na sare pekee: ziko pia pointi za nyongeza kwa mikimbio na wiketi za zamu ya kwanza, ili timu isicheze kivivu ikingoja mvua iiokoe.

Kaunti nyingi ni mali ya wanachama wao, na wanachama hao hawapendi kuguswa. Hata hivyo ni kaunti hizo zilizozaa ligi ya kwanza ya ova 20 ya wachezaji wa kulipwa, mwaka 2003, kwa lengo la kuvuta watu waliotoka kazini jioni. Mtoto amemla mzazi. Mwaka 2021 yakaanzishwa mashindano mengine, The Hundred, ya mipira 100 kwa kila upande, yenye timu nane za miji badala ya kaunti, wanaume na wanawake wakicheza kwenye uwanja mmoja siku moja. Yanachukua mwezi wa Agosti, wakati hali ya hewa ni nzuri na shule zimefungwa, huku sehemu kubwa ya mechi za siku nne ikisukumwa Aprili, Mei na Septemba kwenye baridi na unyevu. Mwaka 2025 hisa za timu hizo nane ziliuzwa kwa wawekezaji, wakiwemo wamiliki wa timu za India.

Australia ilichagua njia ya uchache. Ngao ya Sheffield, iliyonunuliwa kwa pauni 150 alizotoa Lord Sheffield, ilianza kushindaniwa msimu wa 1892/93 na makoloni matatu: New South Wales, Victoria na South Australia. Queensland iliingia msimu wa 1926/27, Western Australia 1947/48, na Tasmania 1977/78. Tangu hapo idadi haijaongezeka. Kila jimbo hucheza mechi 10, na timu mbili za juu hukutana fainali. Kwa kuwa nafasi ni chache, mchezaji wa kawaida hana pa kujificha, na ndiyo maana wengi huuona mfumo huu kuwa mkali kuliko wote duniani. Queensland ilisubiri ubingwa wake wa kwanza hadi msimu wa 1994/95. New Zealand nayo ina timu sita, katika Ngao ya Plunket.

Kule West Indies hakuna nchi moja. Barbados, Jamaika, Guyana pamoja na Trinidad na Tobago ni mataifa huru, lakini katika kriketi husimama kama mikoa, pamoja na timu za Visiwa vya Leeward na Windward. Ligi yao ya kudumu ilianza msimu wa 1965/66, na nauli ya kuvuka bahari imekuwa mzigo wake tangu mwanzo.

India ni kinyume cha Australia kwa ukubwa. Kombe la Ranji, lililoanza msimu wa 1934/35 na kupewa jina la mchezaji Ranjitsinhji, lina timu 38: 32 za daraja la juu katika makundi manne, na sita za daraja la chini. Ramani yake haifuati ya serikali. Jimbo la Maharashtra lina timu tatu, Mumbai, Maharashtra na Vidarbha. Gujarat pia ina tatu. Shirika la reli lina yake na majeshi yana yake. Hayo ni mabaki ya mipaka ya enzi za ukoloni na za falme ndogo, na yameachwa kwa sababu kila chama kina kura. Bihar ilikaa nje kwa miaka mingi baada ya Jharkhand kumegwa kutoka kwake mwaka 2000, ikarudi msimu wa 2018/19.

Kanuni ya pointi za Ranji huathiri mchezo wenyewe. Ushindi ni pointi 6, au 7 ukiwa mkubwa. Mechi ikitoka sare, timu iliyoongoza kwa mikimbio ya zamu ya kwanza hupata 3 na nyingine 1. Katika hatua ya mtoano uongozi huo ndio unaoamua nani asonge mbele. Timu yenye wapigaji wazuri inaweza basi kukaa uwanjani siku mbili, ikakusanya mikimbio, na kuwaacha wapinzani wakihangaika. Mumbai imelitwaa kombe hilo mara 42, mara 15 mfululizo kuanzia 1958/59 hadi 1972/73.

Pembeni yake iko IPL, ligi ya India ya ova 20 iliyoanza mwaka 2008. Hapa timu ni mali ya makampuni, wachezaji hununuliwa kwa mnada, na idadi ya wageni ndani ya uwanja ina ukomo wa wanne kwa timu. Tangu 2022 timu ni 10. Mfano huo umeigwa na Australia, Pakistan, Karibi na Afrika Kusini, na ligi ya wanawake ya India ikafuata mwaka 2023.

Pakistan inaonyesha vizuri kuliko nchi nyingine ugomvi wa nani alipe. Kombe la Quaid-e-Azam lilianza msimu wa 1953/54, na kwa miongo mingi mashindano ya nchi hiyo yalibebwa na waajiri: shirika la ndege la PIA, benki, reli, mamlaka ya maji na umeme. Mchezaji alipata barua ya ajira, na alipostaafu kriketi mara nyingi aliendelea na kazi ofisini. Wakosoaji walisema hakuna shabiki anayeshangilia benki. Mwaka 2019, chini ya waziri mkuu Imran Khan, nahodha wa mabingwa wa dunia wa 1992 na mpenzi wa mfumo wa Australia, timu za waajiri ziliondolewa na kubaki sita za mikoa. Ubora wa mechi ulisifiwa, lakini mamia walibaki bila mshahara. Khan aliondoka madarakani mwaka 2022, na mwaka uliofuata waajiri wakarudishwa.

Afrika Kusini imepinduka pia. Kombe la Currie lilianza msimu wa 1889/90, na wakati wa ubaguzi wa rangi wachezaji wasio weupe walikuwa na bodi na mashindano yao, hadi muungano wa 1991. Mwaka 2004 mikoa iliunganishwa kuwa timu sita. Mwaka 2021 ikarudi mikoa 15 katika madaraja mawili.

Sri Lanka na Afrika Mashariki husimamia kriketi kwa vilabu, ila kwa tofauti kubwa. Vilabu vya Colombo hucheza daraja la kwanza kwa siku kadhaa. Vya Nairobi, Mombasa, Kampala na Dar es Salaam, vingi vikiwa vimeasisiwa na jumuiya za Waasia, hucheza mwishoni mwa wiki, mechi za siku moja. Mwaka 2011 Kenya na Uganda zilijaribu ligi ya pamoja ya timu za kikanda, nne za Kenya na mbili za Uganda, lakini haikudumu. Kenya, iliyofika nusu fainali ya Kombe la Dunia la 2003 ikiwa na wachezaji waliokuzwa na vilabu hivyo, haikuwahi kujenga ligi imara ya siku nne. Hadhi yake ya kucheza mechi rasmi za kimataifa za siku moja iliisha mwaka 2014.