Si Moto, Ni Mionzi: Safari ya Tiba ya Saratani Hadi Ocean Road

Ndugu msikilizaji, bibi mmoja wa hapa Masakta aliniuliza: "Mwanangu, ni kweli huko Dar es Salaam mwenye saratani ya mlango wa kizazi huingizwa moto tumboni?" Hakuwa akitania. Mkwewe alikwisha kuandikiwa kwenda hospitali ya Ocean Road, lakini maneno hayo yamemtia hofu, anasitasita.

Si moto, ni mionzi, na historia yake yafaa ijulikane. Mwaka 1896 Mfaransa Henri Becquerel aligundua kuwa madini ya urani hutoa miale isiyoonekana. Mwaka 1898 Marie na Pierre Curie wakagundua radiamu, yenye nguvu zaidi. Mwaka 1901 Becquerel alibeba kichupa cha radiamu katika mfuko wa kizibao, kikamuunguza ngozi. Madaktari wa Paris wakaanza kuijaribu kwa wagonjwa wa ngozi. Mwaka 1903 Alexander Graham Bell, yule yule wa simu, akapendekeza kichupa chembamba cha radiamu kiingizwe katikati ya uvimbe.

Sababu ni hii: nguvu ya mionzi hupungua upesi kadiri unavyokwenda mbali nayo. Umbali ukiongezeka mara 2, nguvu hubaki robo. Basi, mionzi ikiwekwa ndani, uvimbe hupata sehemu kubwa, kibofu na utumbo hupata kidogo.

Hata hivyo, walioshika radiamu kwa mikono waliumia. Marie Curie mwenyewe alifariki mwaka 1934 kwa ugonjwa wa damu. Katika miaka ya 1950 na 1960 wataalamu wakaeneza njia ya kutanguliza mirija mitupu, kisha mionzi ikafuata. Siku hizi mashine husukuma chembe ndogo kama punje ya mchele, watumishi wakiwa nje ya chumba. Zamani mgonjwa alilazwa na mionzi mwilini kwa siku kadhaa. Kwa mashine hizi ni dakika chache kila awamu. Chembe ikirudi mashineni, mwilini haibaki mionzi.

Hospitali ya Ocean Road ilimalizwa kujengwa na Wajerumani mwaka 1897, mwaka mmoja kabla ya radiamu kujulikana. Mwaka 1996 ikawa taasisi ya saratani inayojitegemea.

Ndugu msikilizaji, saratani hii ndiyo inayowapata zaidi wanawake wa Tanzania, na wengi hufika hospitali imekwisha kuenea. Mionzi ya ndani hupiga pale ilipowekwa tu. Haiwezi kuufuata ugonjwa uliokwisha kutawanyika mwilini. Kwa hiyo, mama anayetokwa damu baada ya tendo la ndoa, au baada ya kukoma hedhi, hana budi kupimwa mapema. Mabinti nao wapelekwe kuchanjwa, kwani chanjo ya kuzuia ugonjwa huu hutolewa nchini kote tangu mwaka 2018.

Bibi yule nilimwambia: mkweo na aende juma hili, asingoje mavuno. Nauli ni mzigo, najua, na Dar es Salaam ni mbali. Lakini ugonjwa hausubiri mahindi yakauke.

Hadi juma lijalo, kwaherini.