Mwali wa Nyumba ya Santuri

Siti binti Saad alipovuka bahari mwaka 1928 kwenda Bombay kutia sauti yake katika santuri, umri wake ulikuwa umekaribia miaka 50. Alikuwa amekwisha kufinyanga na kuuza vyungu vya Fumba, amekwisha kuhamia mjini Unguja, amekwisha kujifunza kwa wapigaji wa udi na fidla, na watu wa kila tabaka walikuwa wamekwisha kumjua. Hata kampuni ya Kiingereza yenye nembo ya mbwa aliyeinamia pembe ya santuri ilipomtaka, haikuwa na la kumfunza, ila kufungua mashine na kunyamaza. Natanguliza habari hii kwa sababu kampuni ile ile, iliyoungana na Columbia mwaka 1931 na tangu hapo ikajulikana kwa jina la EMI, ndiyo iliyokuja kumchukua binti mmoja wa kando ya London aliyekuwa bado na harufu ya wino wa shule, ikampa arbuni, kisha ikafanya jambo ambalo wafanyabiashara wa nyimbo hawalifanyi ila mara chache mno: ikamwacha angoje.

Desturi ya biashara ile ilikuwa kinyume kabisa. Kijana alipookotwa alitiwa studio upesi, akaimba wimbo uliotungwa na watu wazima, ukatolewa katika sahani ndogo yenye nyimbo mbili, upande huu mmoja na upande huu mmoja. Sahani ndogo ikiuzika, sahani kubwa ilifuatishwa mbio mbio kabla soko halijapoa. EMI yenyewe ilifanya hivyo kwa Helen Shapiro, msichana wa mashariki ya London mwenye sauti nzito kama ya mtu mzima, aliyetoa wimbo wake wa kwanza mwaka 1961 akiwa na miaka 14, na kabla ya mwaka huo kwisha akafika mara mbili kileleni mwa orodha ya nyimbo zinazouzwa Uingereza. Nyimbo zile walimtungia wengine. Mapema mwaka 1963 alizunguka nchi nzima jina lake likiwa juu ya matangazo, na miongoni mwa waliomtangulia jukwaani kumpashia watu moto walikuwa vijana wanne wa Liverpool walioitwa Beatles. Naye alikuwa na miaka 16, na nyimbo zake zilikuwa zimekwisha kuanza kushuka. Sauti haikumharibikia. Ni soko lililomla akiwa mbichi, likaendelea na safari yake.

Binti wa pili ni Catherine Bush, ambaye ulimwengu humwita Kate, aliyezaliwa Bexleyheath tarehe 30 Julai 1958. Baba yake alikuwa tabibu, mama yake mwuguzi mwenye asili ya Ireland aliyependa kucheza ngoma za kwao, na kaka zake wawili, mmoja mshairi na wa pili fundi wa vinanda vya kale, walijaza nyumba nyimbo za mashamba na hadithi za watu wa zamani. Nyumba hiyo ilikuwa shamba kongwe lililomezwa na mji, liitwalo East Wickham, pale Welling. Na nyuma yake palikuwa na ghala lenye kinanda cha kanisa, ambacho mtoto yule alikipiga peke yake, kwa kuwa fidla aliyofundishwa shuleni haikumwingia moyoni. Akiwa na umri wa miaka 13 hivi alikuwa amekwisha kutunga wimbo uitwao The Man with the Child in His Eyes, ambao kama usingekuwa na ithibati ungedhaniwa ni kazi ya mwanamke aliyekwisha kupenda na kuachwa.

Jamaa zake walinasa nyimbo zaidi ya 50 katika utepe, wakaupeleka kwa kampuni za santuri, na kampuni zote zikaurudisha. Siwalaumu sana wale walioukataa, maana msichana anayejiimbia na piano yake sebuleni, kwa sauti nyembamba ipandayo na kushuka pasipo kutazamiwa, hakufanana na bidhaa yoyote waliyokuwa wakiiuza. Rafiki mmoja wa jamaa ndiye aliyeufikisha utepe kwa David Gilmour, mpigaji gitaa wa Pink Floyd, ambaye baada ya sahani ya The Dark Side of the Moon ya mwaka 1973 hakupungukiwa na fedha wala na heshima. Huyu alitambua kwamba utepe wenye nyimbo nyingi vile humchosha msikilizaji mwenye haraka. Akatoa fedha zake mwenyewe, na mwezi wa Juni 1975 akamwingiza msichana yule, wa miaka 16, katika studio za AIR, London, chini ya uongozi wa Andrew Powell, akaimba nyimbo tatu tu. Mbili kati ya hizo ndizo zitakazokuja kutiwa katika sahani yake ya kwanza, zikiwa vile vile zilivyonaswa siku zile.

EMI walisikia, wakaridhika, na mwaka 1976 mkataba ukatiwa sahihi kwa arbuni ya pauni 3,000. Na hapa ndipo desturi ilipopindwa. Bob Mercer, mmoja wa wakuu wa kampuni, aliona kwamba binti yule akitolewa na akashindwa, kushindwa kutamvunja, na akitolewa na akashinda, ushindi wenyewe atakuwa hajapata kifua cha kuubeba. Kwa hiyo alipewa fedha za kukaa bila kuimba. Nikilifikiri jambo hili, siachi kumkumbuka mwali wa pwani yetu anayewekwa ndani akafundwa na somo yake asionekane na watu, mpaka siku ya kutolewa nje kwa ngoma na vigelegele, kila mtu akauliza huyu ni yule yule tuliyekuwa tukimwona akichota maji?

Somo wa mwali huyu alikuwa Lindsay Kemp, bingwa wa kucheza na kuigiza bila kunena, ambaye kabla yake alikuwa amemfunza mwimbaji David Bowie. Binti aliuona mchezo wake uitwao Flowers, akashangaa kwamba mtu aweza kusema yote hayo kwa viungo vya mwili tu, akaenda kujiunga na darasa lake kama mwanafunzi yeyote. Jioni akirudi alikaa kwenye piano mpaka usiku wa manane, akipandisha sauti juu kuliko alivyozoea. Mwaka 1977 akaunda na vijana wenziwe bendi ndogo, wakaimba katika baa ya Rose of Lee, Lewisham, na nyinginezo, nyimbo za watu walizozijua walevi; na nadhani darasa hili nalo lilimfaa, maana mlevi hapigi makofi kwa adabu.

Isidhaniwe kwamba EMI ilikuwa nyumba ya watu wenye subira. Oktoba ya mwaka ule ule 1976 iliwachukua vijana wa Sex Pistols kwa pauni 40,000, na Januari iliyofuata ikawatupa nje kwa sababu walitukana hadharani katika televisheni. Pauni 3,000 zilikaa zikangoja. 40,000 hazikutimiza nusu mwaka.

Wimbo uliomfungulia mlango ulikuja usiku mmoja wa Machi 1977, mwezi ukiwa mpevu. Alikuwa ameona katika televisheni mwisho wa hadithi ya Emily Brontë, Wuthering Heights, pale mzuka wa Catherine unapobisha dirishani uruhusiwe kuingia. Naye jina lake ni Catherine, na siku yake ya kuzaliwa ndiyo ya Emily Brontë, aliyezaliwa tarehe 30 Julai 1818. Miezi ya Julai na Agosti sahani nzima ilinaswa AIR pamoja na wapigaji stadi waliochaguliwa na Powell, na wenziwe wa baa wakaachwa kando, jambo ambalo kwangu halina insafu, ijapokuwa wapigaji wale kazi yao waliijua.

Wakuu walitaka wimbo wa kwanza kutolewa uwe James and the Cold Gun, wenye magitaa na kishindo kama walivyozoea wateja wao. Binti alikataa. Alikuwa na miaka 19, hajauza hata sahani moja, akashikilia kwamba wimbo wa mzuka utangulie, na wakubwa wakampisha. Ulipaswa kutoka Novemba 1977, ukacheleweshwa kwa shauri ya picha ya jalada na msongamano wa nyimbo za Krismasi, lakini nakala kadhaa zilikuwa zimekwisha kufika kwa watangazaji, na mmoja wao wa redio ya London hakuwa tayari kungoja. Ukatoka rasmi tarehe 20 Januari 1978. Sahani kubwa, The Kick Inside, yenye nyimbo 13, ikafuata tarehe 17 Februari, na wimbo wake wa kwanza kabisa ni zawadi kwa Kemp. Mwezi wa Machi mzuka ulikaa kileleni majuma manne, na haijapata kutokea kabla ya hapo Uingereza mwanamke kufika pale kwa wimbo alioutunga mwenyewe.

Ndipo subira ilipokwisha. Mwali akishatolewa, kila mtu ana haki naye: alipelekwa huku na huko, akahojiwa, akapigwa picha, na kabla ya mwaka kwisha, mwezi wa Novemba 1978, akadaiwa sahani ya pili, Lionheart. Nyimbo zake ni kumi, na mpya alizopata nafasi ya kuzitunga ni tatu tu. Zilizobaki zilichotwa katika akiba ya utotoni, na mwenyewe hakuficha kwamba haraka ile haikumridhisha. Mwaka 1983 alirudi East Wickham, akajenga studio yake katika ghala la nyuma ya nyumba ya wazazi wake, akajifungia humo mpaka sahani ya Hounds of Love ilipokuwa tayari, mwaka 1985.