Mwarobaini kwa mtoto: wapi unasaidia, wapi ni hatari

Mwarobaini, au mwarubaini, uko karibu na nyumba nyingi. Inasemekana unatibu maradhi arobaini, na ndiko jina lilikotoka. Wengi wetu tulinyweshwa maji yake machungu tukiwa wadogo. Mtoto akipata homa usiku, ni rahisi kuchuma majani kabla ya kufikiria zahanati. Mama, soma kwanza haya.

Je, ni dawa kweli?

Majani, magome na mbegu zake zina kemikali zenye nguvu. Katika maabara, zimedhoofisha baadhi ya vijidudu, hata vya malaria. Lakini kudhoofisha kijidudu maabara si sawa na kumponya mtoto. Kwinini pia ilitoka kwenye magome ya mti, uitwao sinkona, lakini hutolewa kwa kipimo kulingana na uzito wa mgonjwa. Sufuria ya majani haina kipimo: ya leo inaweza kuwa kali kuliko ya jana.

Matumizi yenye hatari ndogo

- Mswaki: mtu mzima anaweza kusafishia meno kijiti kibichi.
- Ngozi inayowasha: mtu mzima anaweza kuoshea maji ya majani yaliyochemshwa na kupozwa. Jaribu kwanza sehemu ndogo ya mkono. Yasiingie machoni wala kwenye kidonda.
- Mbu: usifukize majani chumbani alimo mtoto, moshi huumiza kifua. Tumia chandarua chenye dawa.

Usitumie hivi

- Mtoto chini ya miezi 6: mpe maziwa ya mama tu, pamoja na dawa alizoandikiwa na mhudumu wa afya.
- Mafuta ya mbegu: usimnyweshe mtoto kamwe, hata kidogo. Nchini India na Malaysia, watoto wachanga walionyweshwa walitapika, wakasinzia na kupata degedege, baadhi walikufa.
- Mjamzito au anayetafuta ujauzito: usinywe, unaweza kuharibu mimba.
- Mwenye kisukari: usinywe bila kumwambia daktari. Ukichanganyika na dawa zako, sukari inaweza kushuka mno.

Mtoto ana homa?

Mpeleke akapimwe malaria siku hiyo hiyo. Malaria kali inaweza kuanza ndani ya saa 24, na muda wa kusubiri majani yafanye kazi ndio muda anaoupoteza. Akikutwa nayo, atapewa dawa mseto. Mmalizishie dozi hata akipata nafuu.

Usisubiri asubuhi ukiona:

- degedege, hata likikoma
- anashindwa kunyonya au kunywa
- anatapika kila kitu
- anasinzia kupita kiasi au haamki
- anapumua kwa shida

Akiwa amekunywa mafuta ya mwarobaini, usimtapishe. Mpeleke mara moja, na uibebe chupa.

Tuambie ulichompa

Kliniki, akina mama wengi hunyamaza kwa kuogopa kugombezwa. Mimi muuguzi nahitaji kujua: ni majani, magome au mafuta, kiasi gani, na saa ngapi. Bila hayo, tunaweza kudhani kusinzia kwake ni malaria pekee, kumbe ini lake linaumia. Kama ni bibi au jirani aliyempa, muulize kabla hujaondoka nyumbani. Kusema ukweli hakukufanyi mama mbaya. Kunatusaidia kumtibu mwanao mapema.