Karani na Mpiga Taipu: Kazi Mbili za Ofisini

Mtoto amalizapo masomo na kutafuta kazi ya ofisini, wazazi wengi huuliza neno moja tu: Mshahara wake kiasi gani? Swali hilo si baya, kwani mtu hula kwa jasho lake. Lakini liko swali la pili lililo kubwa zaidi: Kazi hii itamfikisha wapi? Twataka kuonyesha, kwa habari za zamani, jinsi kazi mbili zilizokaa katika chumba kimoja zilivyofuata njia mbili mbalimbali.

Kuandika kwa niaba ya mtu mwingine ni kazi ya kale. Baruku alimwandikia nabii Yeremia, na Tertio ndiye aliyeishika kalamu Paulo alipotuma waraka kwa Warumi. Huko Uingereza na Marekani, kabla ya mwaka 1870, kazi hiyo ilikuwa ya karani, naye karibu siku zote alikuwa mwanamume. Alinakili barua kwa mkono na kutunza vitabu vya hesabu. Karani kijana alilipwa kidogo, lakini aliketi karibu na bwana wake, akaona biashara inavyokwenda, akatumaini kuwa karani mkuu, pengine hata mshirika. Ule upungufu wa mshahara ulikuwa kama ada ya kujifunza kazi.

Ndipo ikaja mashini. Mwaka 1868 Christopher Sholes wa Milwaukee, pamoja na wenzake, waliandikisha mashini yao ya kuandikia, na mwaka 1874 kiwanda cha Remington, kilichokuwa kikitengeneza bunduki, kikaanza kuiuza. Mwaka 1881 chama cha Kikristo cha wanawake vijana, YWCA, huko New York, kikafundisha kundi dogo la wasichana kuitumia. Mwaka 1870 waandishi wa hatimkato na wapiga taipu wa Marekani walihesabiwa 154 tu, na katika kila mia wanawake hawakutimia watano. Mwaka 1900 walikuwa zaidi ya 112,000, na robo tatu yao wanawake. Mwaka 1930 walipita 800,000, na katika kila mia wanawake walikuwa 95.

Basi, je, wanawake hao walipata faida? Naam, walipata. Kwa msichana ambaye njia zake nyingine zilikuwa kiwanda au utumishi wa nyumbani, kazi hii ilikuwa safi, yenye heshima na ujira bora. Lakini haikuwa na ngazi. Mpiga taipu mwepesi aliwekwa pamoja na wapiga taipu wenziwe, akapewa karatasi za kunakili, wala hakufundishwa mambo ya biashara. Baada ya miaka ishirini alikuwa angali mpiga taipu.

Sababu haikuwa upungufu wa akili. Serikali ya Uingereza ilipozitwaa simu za waya mwaka 1870, msimamizi wake, Frank Scudamore, alieleza katika taarifa ya mwaka 1871 faida za kuajiri wanawake: watakubali mshahara mdogo, na wengi wataolewa na kuondoka kabla ya mshahara wao kupanda. Tena, katika utumishi wa serikali ya nchi hiyo, mwanamke aliyeolewa ilimpasa kuacha kazi, na desturi hiyo haikuondolewa mpaka mwaka 1946. Walimfungia mlango, kisha wakasema hakai.

Tusidhani kwamba jambo hili ni la wanawake wa ng'ambo tu. Katika Tanganyika ya Waingereza, makarani wa Kizungu, wa Kihindi na wa Kiafrika hawakulipwa kwa kiwango kimoja. Ujira ulifuata aliyeketi kitini kuliko kazi iliyofanywa mezani. Ndiyo maana mwaka 1922 Martin Kayamba, aliyesoma Kiungani katika shule ya misheni huko Unguja, alianzisha Tanga chama cha watumishi wa serikali wa Kiafrika. Yeye alipanda: akawa karani mkuu, mwaka 1931 akaenda London kutoa ushahidi mbele ya kamati ya Bunge, na mwaka 1932 akapewa cheo katika ofisi kuu ya serikali, Dar es Salaam. Ngazi ya karani Mwafrika ilikuwa fupi, lakini ilikuwapo.

Mwaka 1955 serikali ya Uingereza ilikubali kuwalipa watumishi wake wanawake sawa na wanaume katika kazi zilizo sawa, na jambo hilo likatimizwa mwaka 1961. Lakini penye kazi iliyojaa wanawake watupu, ni nani wa kulinganishwa naye? Baadaye ikaja kompyuta, na mabwana wakaanza kujiandikia barua wenyewe. Aliyefundishwa kunakili tu akapoteza kazi yake; aliyejua na hesabu na utunzaji wa majalada alikuwa na pa kushika.

Basi, wazazi, mtoto akiitwa ofisini, ulizeni mshahara, kisha ulizeni na haya: Walioingia kwa mlango huu miaka kumi iliyopita wako wapi sasa? Je, atafundishwa jambo jipya? Tena msiwaulizie wana wa kiume peke yao. Waulizieni na binti zenu.