Kinga ya meno yapima mapigo ya kichwa katika raga

Mnamo 2003, chuo kikuu cha Virginia Tech nchini Marekani kilianza kuweka vihisio ndani ya helmeti za wachezaji wake wa kandanda ya Kimarekani ili kupima mapigo ya kichwa. Kasoro yake si ndogo: helmeti huteleza juu ya kichwa, na kipimo hupotoka. Meno ya juu, kwa upande wake, yameshikamana na fuvu. Ndiposa World Rugby ikageukia kinga ya meno yenye vihisio, inayotumika katika raga ya kiwango cha juu tangu Januari 2024. Kichwa kikitikisika kupita kiwango kilichowekwa, daktari aliye kando ya uwanja hupata arifa, na mchezaji hutolewa akaguliwe.

Hata hivyo, kinachopimwa ni mwendo wa fuvu wala si jeraha lenyewe. Pigo linalomzimisha mmoja huenda lisimdhuru mwenzake. Isitoshe, ugonjwa wa ubongo wa CTE, ambao daktari Mnigeria Bennet Omalu aliugundua kwa marehemu Mike Webster, aliyewahi kuchezea Pittsburgh Steelers, baada ya kuupasua mwili wake 2002, huhusishwa na mapigo yanayorudiwa kwa miaka, yakiwemo madogo yasiyofikia kiwango cha arifa. Hadi sasa huthibitishwa baada ya kifo tu.