Mionzi

Mnara wa simu ukisimamishwa mtaani, Iringa au Mbeya, neno la kwanza kusikika ni "mionzi". Umoja wake tumeutupa. Ukisema "mwonzi" utadhaniwa unatunga shairi. Kumbe mwonzi wa jua unaopenya dirishani na mawimbi ya mnara ni ukoo mmoja, vimepishana nguvu tu. Ya mnara ni manyonge kuliko hata mwanga wa taa, hayang'oi elektroni kwenye atomi kama eksirei. Hata hivyo Tume ya Nguvu za Atomiki Tanzania, iliyoundwa kwa sheria ya 2003, huyapima, na ni vizuri.

Taa ndiyo haiulizwi. Mvua za kwanza zikinyesha, simama usiku kwenye kituo cha mafuta Uyole au Ipogolo: kumbikumbi wanazunguka balbu, mabawa yamelundikana sakafuni, watoto wanaokota kwa ndoo. (Kitoweo kitamu, sikatai.) Wadudu hao walitoka kutafuta wenza na kuanzisha vichuguu vipya, taa ikawapotosha. "Uchafuzi wa mwanga" hautukai mdomoni, maana mwanga kwetu ni sifa. Ingawa mwanga, wingi wanga, ni pia mchawi wa usiku.