Moraa na Otenyo wa Kitutu

Tarehe 24 Desemba, mwaka wa 1871, ilichezwa mjini Cairo kwa mara ya kwanza opera iitwayo Aida, iliyotungwa na Mwitalia Giuseppe Verdi. Opera ni mchezo ambao wachezaji wake husema kwa kuimba. Aida ni binti wa mfalme wa Uhabeshi, aliyetekwa akawa mtumwa katika Misri, naye ampenda Radamès, jemadari wa Misri. Baba yake, ambaye naye ametekwa, amshurutisha amdadisi mpenzi wake njia litakayopita jeshi. Siri yatoka. Radamès ahukumiwa kuzikwa hai, na Aida ajificha humo kaburini ili afe pamoja naye.

Watu wengi humhurumia binti. Mimi humtazama zaidi yule baba, aliyejua nguvu ya mapenzi ya mwanawe akayafanya silaha. Mzazi wa namna hiyo tunaye katika historia ya Kisii na Nyamira, ila yeye alikuwa mwanamke, na habari zake si za kutungwa.

Moraa wa Ngiti alikuwa mganga na mtabiri katika nchi ya Kitutu. Mwaka wa 1905 Waingereza walileta askari, wakawaua Wagusii zaidi ya 100. Mwaka wa 1907 wakajenga kituo chao Getembe, ambapo leo ni mji wa Kisii, akawekwa hapo G. A. S. Northcote. Wenyeji, kwa kulegeza jina hilo gumu, wakamwita Nyarigoti. Moraa hakuona sababu ya mgeni huyu kutawala, wala hakuficha neno lake. Aliwachochea vijana, na zaidi ya wote Otenyo Nyamaterere, kijana wa jamaa yake aliyemlea kama mwana. Mwezi wa Januari 1908 Otenyo akamvizia Northcote njiani, akamchoma mkuki. Northcote akajeruhiwa, lakini hakufa.

Moyo wa Otenyo, basi, haukugawanyika kama wa Aida, maana mama aliyemlea na nchi yake walimwita upande mmoja. Waliogawanyika walikuwa wengine. Askari wa KAR, ndio Keya, waliingia nchini, wakachoma nyumba, wakaua watu zaidi ya 200, wakaswaga ng'ombe kwa maelfu. Hata Winston Churchill, aliyekuwa naibu wa waziri wa makoloni huko London, aliandika kupinga mauaji makubwa hivyo ya watu wasioweza kujikinga. Kila mzee wa Kitutu ilimpasa kuchagua: amfiche mwana wa nchi, au aiokoe nyumba yake na watoto waliomo? Yasimuliwa kwamba mwishowe Otenyo alitolewa na watu wake wenyewe. Wako wawaitao wasaliti. Mimi, ambaye sikuuona moshi wa nyumba zile, neno hilo lanishinda kulitamka.

Jambo moja zaidi halitajwi sana. Kwa desturi ya Wagusii, ndoa haikuwa ndoa mpaka ng'ombe wa mahari wavuke kutoka mji wa mvulana hadi mji wa msichana. Tena ng'ombe wale hawakukaa. Kwa mahari ya dada, kaka yake naye alioa. Askari walipoyaswaga makundi yale, hawakuchukua nyama na maziwa tu. Walichukua arusi za vijana ambao hawakushika mkuki wowote, na kila arusi iliyokwama ilizuia nyingine nyuma yake. Mvulana na msichana waliopendana wangeweza kukaa pamoja bila ng'ombe, lakini kwa aibu, na bila haki mbele ya wazee. Mtunzi wa opera, kama angalipita Kitutu mwaka ule, angalikuta kisa cha mapenzi yaliyozuiwa karibu katika kila mlima.

Northcote alipona jeraha lake akapanda vyeo, hata akawa gavana wa Guiana ya Kiingereza, kisha wa Hong Kong toka mwaka wa 1937 mpaka 1941. Otenyo aliuawa. Wazee wa Kisii husimulia kwamba kichwa chake kilikatwa kikapelekwa Uingereza, na kwamba Moraa aliishi baada yake.